Nilizima Onyo la Kompyuta, Nikayapoteza Maneno ya Mwalimu Amsi

Mimi ni mwanamke wa miaka arobaini na nne, mama wa watoto watatu, naishi Bonga, hapa hapa Babati. Nina cherehani moja na kibanda cha mboga mbele ya nyumba. Kompyuta siigusi. Watoto wangu hunicheka, wanasema mama anaogopa hata simu ikitoa mlio.

Hawajui... Sijawahi kuwaambia nilichokifanya nikiwa na miaka ishirini na nne. Leo nimeamua kuwaambia ninyi kwanza, wasomaji wenzangu, maana nimechoka kukibeba peke yangu. Nimechoka kweli.

Miaka ile mkoa wetu wa Manyara ulikuwa bado mchanga. Babati iligeuka ghafla kuwa makao makuu. Ofisi zilihamia kwenye majengo ambayo rangi haijakauka, wageni wakawa wanatafuta vyumba vya kupanga, na kila mtu alitaka barua ichapwe. Barua ya kuomba kazi, barua ya kuomba kiwanja, barua ya kuulizia barua iliyotangulia! Na wenye kompyuta mjini walikuwa wachache.

Mama Swabra alikuwa mmoja wao. Alikuwa mjane, Mwislamu mwenye msimamo, na duka lake la vitambaa lilikuwa karibu na soko. Chumba cha pili cha duka hilo alikigeuza steshenari. Akatuajiri wasichana wawili, mimi na Halima. Kompyuta ilikuwa moja tu. Mimi nilikuwa na zamu ya asubuhi, Halima ya mchana.

Halima alikuwa rafiki yangu. Naomba mlishike hilo. Idi nilikula kwao, Krismasi alikula kwetu. Akinikuta sijanywa chai alinikatia nusu ya chapati yake bila kuniuliza. Alikuwa msichana wa polepole, mwenye tabia ya kuandika kila kitu. Hata mteja akisema atarudi saa nane, Halima ataandika saa nane.

Fundi aliyetuletea kompyuta alitoka Arusha. Siku ya kuifunga alituonyesha alama ndogo pembeni mwa skrini, akasema hiyo ni programu ya ulinzi, ndiyo mlinzi wa mashine yenu. Akatuambia maneno ambayo nayasikia mpaka leo: "Ikiwaletea onyo, msiogope, lakini msilidharau. Lisomeni, liandikeni, mnipigie." Akabandika namba yake ukutani.

Tukaitikia ndiyo, ndiyo. Mnajua vile mtu anavyoitikia akiwa na haraka ya kubaki na kitu kipya!

Miezi kadhaa baadaye akaingia mzee mmoja mrefu, koti limefungwa vifungo vyote mpaka shingoni, mkononi ana kikapu. Nilimtambua. Alikuwa Mwalimu Amsi wa Sigino, aliyemfundisha mama yangu darasa la pili. Alikuwa amestaafu muda mrefu.

"Shikamoo Mwalimu."

"Marahaba binti yangu. Wewe ni wa nani?"

Nikamwambia mimi ni binti wa Mzee Bura wa Bonga. Akafurahi. Akakaa, akatoa daftari moja kwenye kikapu, akalifungua karibu kabisa na uso wake. Ndipo nikaona kwamba macho yake yana ukungu.

"Pamoja na hili yako kumi na nne," akasema. "Ni maneno ya wazee wetu. Nimeyakusanya tangu nikiwa kijana, nikizunguka kila boma. Nataka yachapwe kabla haya macho hayajafunga kabisa. Utaweza?"

Nilisema nitaweza. Nani angekataa?

Yalikuwa maneno ya Kiiraqw, lugha yetu sisi wenye asili ya Mbulu. Mimi mwenyewe ni Mwiraqw, lakini nimekulia mjini. Nikisemeshwa naelewa, kujibu ni aibu tupu. Mwalimu alikuwa ameandika kila neno na maana yake kwa Kiswahili. Majina ya mizinga ya nyuki, magonjwa ya ng'ombe, aina za udongo, majina ya ndugu ambayo Kiswahili hakina. Chini ya kila ukurasa aliandika jina la mzee au bibi aliyempa maneno yale.

Kazi ilikuwa ngumu. Kompyuta haikuijua lugha ile. Kila neno nililochapa ilinipigia mstari mwekundu chini yake, kama mwalimu anayesahihisha insha ya mtoto mbumbumbu. Ukurasa mzima mwekundu! Mwanzoni nilikuwa nashtuka. Baadaye nikazoea. Nikajiambia kompyuta inapiga kelele kwa sababu haielewi, mimi ndiye ninayeelewa.

Wasomaji wenzangu, nadhani dharau yangu ilianzia pale.

Kila nilipomaliza daftari, Mwalimu Amsi aliniuliza kama alitunze. Nami kwa majivuno yangu nikamjibu, "Ya nini Mwalimu? Karatasi zinaliwa na mchwa. Humu ndani hakuna mchwa!"

Akacheka, akaniamini. Akalirudisha nyumbani, na mkwe wake akawa anachana kurasa za kuwashia moto jikoni. Na hatukuchapisha hata ukurasa mmoja kwenye karatasi, kwa sababu Mwalimu alitaka yatoke yote pamoja, kitabu kimoja kizima, si vipande vipande.

Wakati huo huo nilikuwa na mchumba. Nitamwita Deo. Alikuja Babati na zile ofisi mpya, kutoka mkoa mwingine, na watu walimwita fundi wa kompyuta. Kijana mtanashati, shati limenyooka, kalamu mbili mfukoni. Barua ya posa ilikuwa imeshafika kwa baba yangu. Mama alikuwa ameanza kuwaambia majirani... Mimi nilitembea mjini kama mtu ambaye barabara imetengenezwa kwa ajili yake.

Siku moja asubuhi Deo alikuja na CD. "Nimekuletea nyimbo," akasema. "Ili usichoke na hayo maneno ya wazee." Akaiingiza kwenye mashine, na pamoja na nyimbo akaweka programu yake ya kupigia muziki. Alisema ile iliyokuwemo ni ya kizamani.

Nyimbo zikapiga, chumba kikachangamka. Lakini wimbo mmoja, ule tulioupenda sana sisi wawili, kila nilipoufungua muziki ulikatika na programu ikajifunga yenyewe. Kisha kikatokea kisanduku katikati ya skrini.

Kiingereza changu ni cha kidato cha nne, tena kile cha kubahatisha. Nilisoma kwa kuungaunga. Kilitaja ile programu ya muziki, kikasema imezuiwa, na katikati kulikuwa na maneno mawili ambayo sikuwahi kuyaona: "buffer overflow."

Halima alipokuja mchana nikamwonyesha. Akayaandika kwenye daftari lake. Jioni, mimi nikiwa bado sijaondoka, akamuuliza mwalimu mmoja wa sekondari aliyekuja kuchukua mitihani. Yule mwalimu akasema la pili maana yake ni kufurika, la kwanza halijui vizuri.

Tulicheka sisi! Kufurika? Hapa Babati tunajua ziwa ndilo linalofurika, likaingia mpaka kwenye nyumba za watu. Sasa na kompyuta nayo imejaa maji?

Lakini Halima alipomaliza kucheka akasema, "Paska, tumpigie yule fundi wa Arusha."

Nikamwambia ya nini kumsumbua mtu wa Arusha wakati mchumba wangu ni fundi?

Kesho yake nikamwonyesha Deo. Namkumbuka alivyoinama, akaitazama skrini muda mrefu, akajikuna kidevu. Leo najua alikuwa hajui. Hakujua kabisa! Lakini mtu mwenye kalamu mbili mfukoni atasemaje hajui, tena mbele ya mchumba wake?

Akatabasamu. "Hii programu ya ulinzi ina wivu," akasema. "Inaona watu wanapendana, inaleta maneno."

Nikacheka mpaka machozi.

"Ngoja niinyamazishe," akasema. Akabonyeza hapa na pale. Ile alama ndogo pembeni ikapigwa msalaba mwekundu. Kisha akanifundisha nami jinsi ya kuizima, kwa sababu kila mara mashine ilipowashwa ilijirudisha yenyewe. Halafu akaufungua ule wimbo wetu.

Ukapiga kuanzia mwanzo mpaka mwisho.

Kuanzia siku hiyo nikawa nikifika asubuhi kazi yangu ya kwanza ni kumzima mlinzi. Ya pili ni kufungua wimbo. Ya tatu ndiyo maneno ya Mwalimu Amsi.

Halima aliuona ule msalaba mwekundu. Akaniuliza nani amezima. Nikamwambia inajizima yenyewe, mashine imechoka. Nilimdanganya rafiki yangu usoni, kwa sababu ya wimbo! Akairudisha mwenyewe, na kesho yake asubuhi nikaizima tena.

Baada ya siku chache mashine ikawa nzito. Ukibonyeza herufi, inakuja baada ya wewe kupumua mara mbili. Halima akasema kuna kitu. Akanisihi tuhifadhi kazi za wateja kwenye CD, hasa za Mwalimu. Nikamwambia nikimaliza daftari la kumi na moja nitahifadhi yote kwa pamoja.

Nililimaliza siku ya Ijumaa. Nikasema Jumatatu.

Jumatatu niliwasha mashine, nikafungua daftari la kumi na moja ili nilipitie. Likafunguka. Ndani yake hakukuwa na neno hata moja. Kulikuwa na mstari mmoja wa alama za ajabu, kama kuku ametembea kwenye vumbi.

Nikafungua la kumi... vilevile. La tisa... vilevile. Nikafungua barua za ofisi, mitihani ya shule, risala za harusi. Majina ya mafaili yote yalikuwepo, yamepangwa vizuri, lakini kila ukifungua ndani ni mstari ule ule.

Nikafunga, nikafungua tena, kana kwamba maneno yalikuwa yametoka kidogo na yatarudi. Yangerudi kutoka wapi?

Nikamwita Deo. Akaja mbio, akabonyeza, akatoka jasho. Baada ya muda akaacha. Akafunga mlango, akaniambia kwa sauti ya chini jambo ambalo lingebadilisha maisha ya watu.

"Paskalina, mimi sikuwahi kuigusa hii mashine. Umenielewa? Ofisini kwangu wakisikia nimeharibu kompyuta ya watu, kazi sina. Na kazi nisipokuwa nayo, ndoa haipo."

"Sasa nitamwambia nini Mama Swabra?"

Akajifuta jasho, akasema, "Yule mwenzako si hupokea flashi za wateja mchana?"

Ndugu zangu... hapo ndipo ningesimama. Hapo ndipo Mungu alinipa nafasi. Lakini nilimfikiria mama yangu na majirani zake, nikaifikiria barua ya posa kwenye kabati la baba.

Mama Swabra alipokuja nikamwambia Halima aliingiza flashi ya mteja yenye virusi. Nilisema kwa mdomo wangu huu. Na Deo, aliyekuwa amesimama mlangoni kama mpita njia, akaongeza kwamba ndivyo virusi vinavyoingia, kupitia flashi.

Halima akaitwa. Hakupiga kelele. Aliniuliza jambo moja tu, mbele ya Mama Swabra.

"Paska, ni mimi?"

Nikatazama chini. "Mimi nimekuta asubuhi imeharibika," nikasema. "Zamu ya mwisho ilikuwa yako."

Akavaa vizuri mtandio wake, akachukua pochi yake, akaondoka. Hata daftari lake aliliacha mezani.

Habari mjini hazitembei, zinaruka. Wateja walikuja kudai kazi zao wakaambiwa ni Halima. Wengine walimpita njiani bila salamu. Alizunguka kutafuta kazi kwenye ofisi mbili tatu, na kila alikokwenda jina lilikuwa limemtangulia. Mwisho baba yake akampeleka kwa shangazi yake Kondoa. Alipanda basi akiwa na sanduku moja. Niliambiwa. Sikwenda kumuaga... ningemuaga kwa uso gani?

Siku chache baadaye fundi wa Arusha akafika. Mama Swabra alikuwa amempigia mwenyewe, kwa ile namba ya ukutani. Mimi nilidhani mashine ikishakufa haina ushahidi. Kumbe programu ya ulinzi ina kumbukumbu zake! Kila onyo huandikwa, siku na saa, hata kama sisi tumelifunga bila kusoma.

Yule fundi alikaa, akasoma kimya. Kisha akamwita Mama Swabra, akamsomea kwa Kiswahili. Programu ya muziki imezuiwa, bafa imefurika, saa mbili na robo asubuhi. Tena saa mbili na nusu. Tena. Tena. Halafu: ulinzi umezimwa na mtumiaji, saa mbili kasoro dakika tano asubuhi. Kesho yake tena asubuhi. Kila siku asubuhi, na kila siku mchana ukawashwa.

Mama Swabra akanigeukia. "Zamu ya asubuhi ni ya nani?"

Alikuwa anajua. Alitaka niseme.

"Ni yangu, Mama."

Sitasema nilikiri. Sikukiri, nilikamatwa. Ningependa kuwaambia kwamba dhamiri ilinishinda, lakini itakuwa uongo mwingine juu ya uongo.

Nikauliza, kwa sauti ndogo, bafa ni kitu gani hasa. Fundi angeweza kunitukana. Badala yake alichukua fomu moja ya maombi iliyokuwa mezani.

"Tazama," akasema. "Hapa pameachwa visanduku ishirini vya jina. Bafa ndiyo hivyo visanduku, nafasi iliyopimwa ambayo programu inawekea kitu kwa muda. Sasa mtu aandike jina la herufi hamsini, zile za ziada zitakwenda wapi?"

"Zitashuka hapa chini," nikasema.

"Na chini pameandikwaje?"

Nikasoma. Kwa matumizi ya ofisi tu.

"Basi huko ndiko kufurika. Programu yako ya muziki haikupima. Ndani ya ule wimbo kulikuwa na maandishi marefu kupita nafasi yake, na aliyeyatengeneza alikuwa amehesabu kabisa, ili yale yanayomwagikia chini yasomeke kama amri ya mkubwa wa ofisi. Karani akisoma anakuta 'mfungulie huyu milango yote', naye anafungua, maana anadhani ni bosi ameandika. Programu ya ulinzi ndiye karani mkali. Aliona maneno yametoka kwenye sehemu ya jina, akakataa kuyafuata, akafunga faili, akakuita. Akakuita tena. Wewe ukamfukuza, virusi vikaingia, vikala mafaili yote."

Akairudisha fomu mezani.

"Si kila onyo la namna hii ni mwizi," akaendelea. "Kuna programu zilizotengenezwa ovyo tu, zinafurika zenyewe bila mtu mbaya. Lakini huwezi kujua mpaka usome ni programu gani imetajwa, uache kuitumia, na umuulize anayejua. Ungenipigia ningekuambia uondoe hiyo programu ya muziki na huo wimbo. Dakika kumi tu."

Dakika kumi! Mpaka leo maneno hayo mawili yananifuata.

Alijaribu siku nzima kuokoa kazi. Hakupata kitu. Jioni, akipekua droo kutafuta waya wa printa, akatoa CD moja kwenye bahasha. Juu yake, kwa mwandiko wa Halima, palikuwa pameandikwa: Mwalimu Amsi, daftari 1, 2, 3.

Alihifadhi peke yake, bila kuniambia, baada ya mimi kumkatalia; nadhani uzito wa mashine haukumruhusu kuzidi hayo matatu. Kilichopona katika kazi ile yote kilipona kwa mkono wa mtu niliyemfukuzisha.

Mama Swabra hakunipigia kelele. Alinilipa siku zangu, akaniambia nisirudi, kisha akajitanda khanga akaenda kwa wazazi wa Halima kuomba radhi. Akakuta ameshaondoka.

Deo? Aliomba uhamisho haraka. Aliniambia anatangulia kutafuta nyumba. Namba yake ya simu haikupatikana tena. Baba yangu aliirudisha barua ya posa kwa mshenga bila kunitazama.

Lakini iliyobaki ilikuwa ngumu kuliko hayo yote. Nilitembea kwa miguu mpaka Sigino. Nilimkuta Mwalimu Amsi uani anapukuchua mahindi kwa kupapasa. Macho yalikuwa yamekwisha. Alinitambua kwa sauti ya shikamoo.

Nikapiga magoti, nikamwambia yote. Kuhusu wimbo, kuhusu onyo. Mikono yake ikasimama juu ya gunzi.

"Yote?" akauliza.

"Matatu ya kwanza yamepona, Mwalimu. Halima aliyahifadhi."

"Mshukuru sana Halima."

Nililia pale chini, na mzee wa watu akadhani nalilia madaftari yake, akaanza kunibembeleza!

Nikamwomba tuanze upya. Yeye aseme, mimi niandike kwa mkono. Akakubali. Kila Jumamosi nilikwenda Sigino. Tulikaa uani, mkwe wake akatuletea viazi. Lakini wale waliompa maneno wengi walikuwa wamekufa. Aliyempa maneno ya nyuki amekufa. Bibi aliyejua magonjwa ya ng'ombe amekufa. Mwalimu alivuta kumbukumbu mpaka mishipa ya paji la uso ikamsimama.

Jumamosi moja alikuwa ananieleza mambo ya kukamua. Akafika kwenye ile kamba ya kumfungia ndama pembeni wakati mama yake anakamuliwa. Ina jina lake, akasema, si kamba nyingine yoyote. Akalitafuta. Akalitafuta tena... Akanigeukia na yale macho yasiyoona.

"Binti yangu, wewe si uliliandika? Lilikuwa daftari la saba."

Niliandika, ndiyo. Vidole vyangu vililipita, masikio yangu yakiwa kwenye wimbo. Nikatafuta kichwani mwangu mwote. Sikulikuta.

"Basi," akasema. "Tuache nafasi."

Tukaacha nafasi. Tuliacha nafasi nyingi. Mwalimu Amsi alifariki msimu wa baridi uliofuata, tukiwa tumejaza madaftari mawili tu. Mwanawe anayo, pamoja na matatu ya kwanza na yale matatu ya mwisho ambayo yalikuwa hayajafika kwangu. Ile nafasi ya kamba ya ndama bado iko wazi. Nimewauliza wazee wengi tangu siku hiyo. Kila mmoja hunijibu, "Kamba tu, mama."

Miaka miwili baada ya msiba nilipanda basi kwenda Kondoa. Niliuliza mpaka nikafika. Halima alikuwa ameolewa, ana mtoto mgongoni. Alinikaribisha, akanipa chai. Nilimweleza kila kitu, hata yale ambayo Mama Swabra alikwisha kumfikishia kupitia wazazi wake. Nikamwambia kuhusu ile CD.

Alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, "Paska, nilikusamehe zamani. Dini yangu inanitaka hivyo, na mimi mwenyewe sikutaka kulala na hasira. Lakini usije tena."

Nikamaliza chai yangu. Akanisindikiza mpaka barabarani, akanisimamishia gari, na sikwenda tena.

Wasomaji wenzangu, nawaomba. Mashine yako, simu yako, ikikuletea onyo usilolielewa, usilifukuze kwa sababu linakukatia raha. Lisome jina la programu iliyotajwa. Liandike. Acha unachokifanya, uliza. Usizime ulinzi ili jambo lako lipite! Na kazi ya mtu iwe na nakala mahali pengine leo, si Jumatatu. Na unayemuuliza, mtazame vizuri. Akikuambia "sijui, ngoja tuulize," huyo mshike. Deo alikuwa na jibu la kila kitu, na mimi nilimpendea hilo.

Lakini kompyuta ni sehemu ndogo ya mkasa huu. Ikiwa umekosea, sema siku ile ile, kabla mtu mwingine hajabebeshwa sanduku lake kwenye basi. Mafaili yaliharibiwa na virusi. Halima aliharibiwa na mimi, mwenye akili timamu, asubuhi kweupe, kwa sentensi moja.

Watoto wangu wakisoma haya watanijua. Nimeona ni afadhali. Majina ya watu wengine humu nimeyabadilisha wasije wakasumbuliwa, maana wao hawakuomba kuandikwa. Langu sikulibadilisha. Ni Paskalina, wa Bonga.